Alichovua Shangazi Zuwena Wadini

Siku ya tatu ya matanga ya Shangazi Zuwena, mwanamke mmoja aliyekaa mbele yangu alimwinamia mwenzake akamwambia kwa Kiarabu, "Marehemu huyu ndiye yule wa wadini." Mwenzake akatikisa kichwa kama mtu anayekumbushwa jambo la zamani, akachukua tende nyingine. Ukumbi ulikuwa umejaa wanawake wa Ibra, mji wetu huku Oman, udi unafuka, Kurani inasomwa, na mimi nimeshika birika la kahawa linaloniunguza vidole. Nilitaka kuliweka chini lile birika nimuulize, "Wa wadini, kafanya nini?" Nilitaka alitamke mbele ya watu wote.

Sikumuuliza, kwa sababu kisomo kilikuwa hakijaisha, na kwa sababu neno lile halikuzuliwa na yeye wala na mama yake. Nililizua mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Basi naliandika hapa lote, kwa Kiswahili kile kile tulichokuwa tukikisema nyumbani, na atakayekereka na akereke.

Shangazi alikuwa mdogo wake baba. Wao walizaliwa bara, karibu na mto Malagarasi, ambako babu alikuwa na duka la nguo na chumvi. Walipokuja Oman baba alikuwa kijana wa kuanza kazi, na Shangazi alikuwa na miaka kumi na tatu, hajui Kiarabu zaidi ya kile cha sala. Alisoma mpaka akawa nesi, akapata kazi hospitalini, akanunua gari lake, akaishi kwetu katika chumba cha upande wa ua. Mama yangu ni mtu wa Unguja, na mama yake, Bibi Salma, naye alikuwa akiishi nasi. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na Kiswahili cha namna mbili. Shangazi akisema "kitu yangu," Bibi humkatiza hapo hapo: "Changu. Kitu changu." Shangazi hucheka, na baada ya dakika mbili akalirudia kosa lile lile makusudi, akimtazama Bibi kwa pembe ya jicho.

Sisi watoto hatukuwa na Kiswahili chochote cha kujivunia. Tulisoma kwa Kiarabu, tulicheza kwa Kiarabu, televisheni ilisema Kiarabu. Kiswahili kilikuwa cha amri: njoo ule, nawa mikono, funga mlango, vua viatu, vua nguo ukaoge. Hicho ndicho nilichokuwa nacho, na kilinitosha, au nilidhani kilinitosha.

Mvua za baridi zikishapita na mafuriko yakishatulia, kulikuwa na wiki chache nzuri kabla ya joto kuanza kuchoma. Wakati huo wadi, mto wetu wa mawe ambao nusu ya mwaka ni changarawe tupu, huwa na maji masafi yanayopita baina ya miamba na kujaza madimbwi makubwa. Wiki hizo Shangazi hakukaa nyumbani siku zake za mapumziko. Alhamisi asubuhi alitia maji ya kunywa na mkate ndani ya gari, akawapitia manesi wenzake wawili, Wafilipino, wakashika njia ya Al Qabil mpaka Wadi Bani Khalid. Alirudi alasiri uso umeiva kwa jua, pindo la abaya limelowa, na ana harufu ya kitunguu thomu na majani ya majini. Ile harufu ya thomu ilinishangaza kila mara. Nilijiuliza mtu anakwendaje kustarehe wadini akarudi ananuka kama jikoni.

Mimi sikuruhusiwa kufuatana naye. Bibi alikataza, na vitu vyote vya wadini alivikataza visiingie ndani, vikabaki ndani ya buti la gari, ambalo lilikuwa limefungwa siku zote. Nilipomuuliza Shangazi anafanya nini huko, aliniambia, "Napumzika, mwanangu. Bibi yako akilainika nitakuchukua ukaone."

Sasa, siku moja nilikuwa nimejilaza nyuma ya kiti ukumbini, nikamsikia Bibi anamlalamikia mama.

"Huyu wifi yako anavua pale pale, karibu na njia ya magari! Wanaume wanapita, wanapunguza mwendo, wanamtazama. Wala haoni haya."

"Mama, anajisitiri," mama akasema.

"Atajisitiri vipi na maji yamemfika magotini? Na wale wenzake nao wanavua. Wanawake watatu, wamejipanga safu moja juu ya mawe, wanavua!"

Yeyote aliyekulia pwani au kando ya ziwa angeelewa mara moja. Mimi nilikulia Ibra. Samaki wetu walitoka Sur, ndani ya barafu, wamekwisha kufa, na baba aliwanunua sokoni. Hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuwa na haja ya kusema kwamba fulani anavua samaki. Na Bibi Salma, ambaye kwake samaki ni changu na nguru na wengine wa bahari, hakuwa radhi hata kidogo kuwaita wale wa wadini samaki, kwa hiyo alisema "anavua" tu, akaishia hapo. Kuvua nilikokujua mimi ni kuvua viatu, na kuvua nguo.

Niliganda nyuma ya kile kiti. Nilimwona Shangazi yangu akilini, mtu aliyenifundisha sura fupi za kusalia, amesimama juu ya jiwe kando ya barabara pamoja na wale wanawake wawili, na magari yanapunguza mwendo. Sikumwambia mtu. Nilimpenda mno. Lakini tangu siku hiyo akinikumbatia nilikuwa najikaza, na yeye aliona, akaniuliza kama naumwa.

Mwaka huo huo akatokea mchumba. Jina lake Khalfan, mwalimu wa hesabu, mtu mpole mwenye sauti ndogo. Baba yake alikuwa amelazwa katika wodi ya Shangazi, na katika zile wiki za kuja na kwenda walizoeana kwa salamu. Shangazi alikuwa na miaka thelathini na nne, na watu walikuwa wameshaacha kuuliza. Nilimwona jioni moja anakunjua kitambaa cha kijani mbele ya kioo, anakiweka begani, anakitazama, anakikunja tena. Aliponiona mlangoni akaona haya kama msichana.

Mama yake Khalfan, Bi Shamsa, alikuja kututembelea na dada zake wawili, kumtazama mke. Nyumba ilioshwa mpaka nje. Halua ilitolewa, kahawa ikatolewa, Bibi Salma akakaa na kanga yake nzuri, anazungumza Kiarabu chake cha heshima. Kila kitu kilikwenda vizuri. Wageni walipotaka kunawa mikono mimi ndiye niliyetumwa kuwaonyesha, na Bi Shamsa akabaki nyuma na mimi barazani, akijifuta kwa taulo nililomshikia. Alinishika kidevu. Alikuwa na mikono laini na sauti nzuri.

"Mashallah, Kiarabu chako kizuri. Unampenda shangazi yako?"

"Ndiyo."

"Hata mimi nimempenda. Gari lake tunaliona kila Alhamisi linapita. Huwa anakwenda wapi?"

"Wadini."

"Anafanya nini wadini?"

Hakuniuliza kwa ubaya, nataka hilo lijulikane. Na mimi nilikuwa nimefundishwa kwenye chuo cha Kurani kwamba mtu mzima akikuuliza ni haramu kumdanganya. Niliinamisha kichwa nikamwambia kwa Kiarabu changu safi cha skuli, kila herufi mahali pake, kwamba anavua nguo. Yeye na manesi wenzake. Na wanaume wanapita wanatazama.

Bi Shamsa aliliweka taulo juu ya ukuta, polepole. Akarudi ndani, akakaa muda mfupi, akasema wamechelewa, wakaondoka. Halua yao ilibaki imemegwa kidogo.

Baada ya siku tatu likaja jibu kwamba hakuna nasibu, yaani ndoa haipo. Hawakusema kwa nini. Shangazi alilisikia lile jibu amesimama, akasema "Alhamdulillahi," akaenda kazini. Lakini maneno yalikuwa yameshatangulia kufika huko. Mgonjwa mmoja, bibi kizee, aliuvuta mkono wake alipotaka kumpima presha, akaomba aletewe nesi mwingine. Wafanyakazi wa usafi waliacha kuzungumza alipopita. Siku ya pili yake baba alirudi ofisini mchana, akakaa ukumbini bila ya kuvua kilemba, akamwita dada yake. Mimi nilikuwa koridoni na daftari langu.

"Zuwena, watu wanasema unavua nguo wadini."

Nilisubiri alie, au aombe radhi. Alichosema ni, "Nani?"

"Watu."

"Watu hawana mdomo mmoja. Nitajie jina nikamuulize."

"Sina jina. Nimeambiwa na mtu aliyeambiwa."

"Na wewe ukasemaje?"

Baba akakirekebisha kilemba chake. Alikuwa mtu mzuri, lakini alikuwa amechoka, na siku zote alikuwa na hofu ya mtu aliyekuja nchini mkubwa, kwamba siku moja wenye mji wataamua kuwa hatufai. Alisema, "Kaa nyumbani. Chukua likizo mwezi mmoja. Wadini usende tena, na gari liache pale lilipo. Maneno yataisha yenyewe."

"Mimi sijavua nguo mbele ya mtu tangu nilipokuwa mtoto wa kuogeshwa, na unajua," Shangazi alisema. Sauti yake ilikuwa haipandi wala haishuki. "Nikikaa ndani mwezi mmoja nitakuwa nimewaambia ni kweli."

"Mimi nilisema tangu mwanzo," Bibi Salma akaingilia. "Mwanamke na wadi wapi na wapi? Ayb!"

"Bibi, na wewe umeniona navua nguo?"

"Sijakuona. Lakini umewapa njia."

"Basi nitawapa njia nyingine. Alhamisi nakwenda. Saa tatu asubuhi, nitapita katikati ya soko, vioo vya gari nimeviteremsha. Na mtoto nakwenda naye."

Baba akasimama. "Mtoto humchukui!"

Hapo mama, ambaye kwa desturi yake hakuwa mtu wa kubishana na mumewe mbele ya watu, alitoka jikoni na mikono ya unga. "Mchukue," akasema. "Awe shahidi. Na atakayeuliza aambiwe mama yake ndiye aliyeruhusu."

Lakini mimi pale koridoni sikuona ushujaa wowote. Nilisikia mtu mzima anaapa uongo. Niliwaza: anavua, Bibi mwenyewe kasema anavua, na sasa anakana, na Alhamisi anataka nikamtazame. Sikupata kula vizuri mpaka siku hiyo.

Alhamisi ilifika. Alifanya kama alivyosema. Tulipita sokoni mwendo wa kutembea, vioo viko chini, na Shangazi akamsalimia kwa sauti kila aliyemjua. Wengine waliitikia. Muuza mboga mmoja aligeuza uso akaanza kupanga nyanya ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Wale Wafilipino hawakuja, maana walikuwa zamu. Njia nzima nilishika mlango wa gari kana kwamba nitaanguka. Tulipita Al Qabil na mashamba yake ya mitende, tukapanda milima, tukashuka, tukaiona mitende ya Wadi Bani Khalid imejaa bonde. Hakwenda kwenye madimbwi ya juu wanakooga watalii. Alisimamisha gari chini zaidi, pale barabara inapokaribia maji, mahali ambapo kila anayepita atakuona.

Kulikuwa na harufu ya mawe yaliyolowa. Vichaka vyenye maua ya waridi, vile ambavyo mbuzi hawavigusi kwa sumu yake, vilikuwa vimechanua ukingo mzima, na kereng'ende wekundu walikuwa wakitua na kuruka. Maji yalikuwa kama hayapo. Uliona changarawe moja moja chini.

Shangazi alitazama barabara, akatazama maji, akaweka kikapu chini. Kisha akainama akavua viatu.

"Shangazi, usivue!" nikapiga kelele.

Akashtuka. "Nisivue? Kwani kuna nini?"

"Usivue, tafadhali, watu watakuona!"

"Wacha waone. Si ndiyo tuliyoyajia?" Akaanza kukunja mikono ya abaya.

"Basi mimi nafumba macho!" Nikakaa chini juu ya changarawe, nikaufunika uso kwa viganja, nikalia. Nilisikia buti la gari linafunguliwa. Nikasikia vitu vinagongana, na kitu chembamba kinachuruzika kama uzi unaofunguka. Kisha sauti yake, karibu sana na sikio langu.

"Fumbua macho, mwanangu. Mbona unanitia hofu?"

Nilifumbua kidogo baina ya vidole. Shangazi alikuwa amechutama mbele yangu, abaya yake mwilini, mtandio wake kichwani. Mkono mmoja ameshika fimbo ndefu nyembamba yenye mshipi na ndoana. Mkono wa pili ana donge la unga wa ngano lililokandwa na kitunguu thomu.

"Hii nini?" nikauliza.

"Ya kuvulia."

"Kuvulia nini?"

"Samaki! Watu huvua nini kingine wadini?"

Sijui nilimwambiaje. Najua ilitoka yote kwa pamoja, Kiswahili na Kiarabu vimechanganyika, kiti, Bibi, taulo, Bi Shamsa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza jambo moja tu, "Ulimwambia Bi Shamsa peke yake?" Nikasema ndiyo. Akaketi juu ya jiwe, miguu ndani ya maji, akaanza kucheka. Alicheka mpaka fimbo ikamponyoka. Halafu kile kicheko kikabadilika, akawa amenipa mgongo, mabega yanatikisika, na mimi nikawa sijui kama nimguse au nisimguse. Gari moja lilipita likipiga honi. Hakugeuka.

Alipomaliza alinawa uso kwa maji ya wadi. "Njoo," akasema. "Kwanza ujue kitu chenyewe."

Alinionyesha maji haba ya ukingoni, ambako changarawe ilikuwa imefukuliwa mashimo ya mviringo, mapana kama sahani za wali. Juu ya kila shimo alikuwa amesimama samaki mmoja mweusi, mapezi yake yana ukingo mwekundu, anazunguka, anamfukuza kila anayesogea, hata kivuli cha kidole changu. "Hawa ni madume," akasema. "Kwetu tukiwaita ngege. Nyinyi mwaweza kuwaita perege. Majira haya kila mmoja analinda kiwanja chake. Hawa hatuwagusi, hata wakijileta wenyewe." Majike, aliniambia, hubeba mayai mdomoni, wiki nzima na zaidi hawali kitu, kwa hiyo hata ndoana hawaitazami. Waliobaki huru wako upande wa kina, chini ya mwamba.

Alinifundisha kuviringa chambo kidogo kama punje ya dengu, niifunike ncha ya ndoana na nisiache chuma kinaonekana. Alinifundisha kusimama jua likiwa mbele yangu ili kivuli kisinitangulie, na kutupa juu zaidi ya pale ninapopataka, maji yenyewe yakichukue chambo mpaka chini ya mwamba. Kizibo chekundu cha mshipi kilielea. Kikatikisika. "Bado," akasema. "Anaonja. Bado. Sasa!" Nikavuta kwa nguvu zangu zote, kizibo kikanipita usoni na ndoana tupu. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu mshipi ukakaza, fimbo ikapinda, na nikahisi kwenye kiganja kitu kilicho hai kinachokataa. Sijasahau. Alitaka kwenda chini ya mwamba, nami sikumwacha aende. Nilipompandisha juu ya changarawe alikuwa mpana kuliko kiganja cha Shangazi, ubavu wake una rangi ya shaba, anafungua na kufunga mdomo.

Tulipata wanane. Shangazi aliwatia katika ndoo yenye maji, akaufuta mshipi, akauviringa, akavaa viatu. Kisha akasema, "Sasa twende tukamwamkie Bi Shamsa."

"Nyumbani kwake?"

"Kwake. Ulilisema kwake, utalisahihisha kwake. Mimi nitakuwa nyuma yako. Huogopi?"

"Naogopa."

"Hata mimi. Twende."

Tulifika karibu na alasiri. Bi Shamsa alikuwa na majirani zake watatu, wamezunguka sinia la matunda. Shangazi aliingia na abaya yake iliyolowa mpaka magotini, changarawe kwenye kandambili, akatoa salamu kubwa. Wote wakaitikia, maana salamu haiachwi. Mimi niliitua ndoo katikati ya busati, maji yakaruka.

"Sema," Shangazi akaniambia.

Nilisema. Nilisema kwamba Kiswahili kina neno moja la kuvua nguo na la kuvua samaki, na mimi nilijua moja tu, na nilichomwambia siku ile hakikuwa kweli, na hawa hapa ndani ya ndoo ndio waliovuliwa. Nilikosea mara mbili, nikaanza upya. Jirani mmoja alichungulia ndoo, perege mmoja akapiga mkia, mwanamke akaruka nyuma. Jirani mwingine aliangua kicheko kisha akakimeza.

Bi Shamsa alikuwa amebadilika rangi. "Lailaha illallah," akasema. "Maneno ya mtoto! Na mimi nikayashika." Akanyoosha mkono. "Zuwena, kaa, mwanangu, unywe kahawa. Jambo lenyewe halijaharibika. Khalfan bado hajaposa kwingine. Tutazungumza upya."

Shangazi akakaa. Alipokea kikombe, akanywa. Kikajazwa, akanywa. Kikajazwa mara ya tatu, akanywa taratibu, akakitikisa kuonyesha amekinai. Kiarabu chake kilibaki na lafudhi ya bara mpaka anakufa, na siku ile hakujaribu kuificha.

"Kahawa yako nimeikubali, Bi Shamsa. Mwanao simtaki. Sikuja kwa ajili yake. Nimekuja unitazame, na hawa majirani zako wanitazame, kisha mkawaambie wale mliowaambia. Mtoto wa miaka tisa kaja kusema kakosea. Na mtu mzima naye atakuja kusema."

Akainuka, akachukua ndoo, tukatoka. Kwenye gari aliiweka ndoo miguuni pangu. Nilimwuliza kwa nini amemkataa Khalfan, ilhali sasa watu wake wanamtaka. Akasema, "Alisikia, na hakuniuliza." Wiki ile ile Khalfan alikuja hospitalini mwenyewe, na Shangazi alimwambia hayo hayo. Khalfan alisimama pale koridoni, akasema Shangazi ana haki ya kukasirika, akaenda zake. Kile kitambaa cha kijani Shangazi alikishona gauni la Idi, akalivaa, likampendeza.

Si wote waliosahihisha. Bi Shamsa alijitahidi, namshuhudia kwa hilo. Alizunguka nyumba kadhaa. Lakini watu waliopokea uongo kwa hamu hawakuwa na hamu ile ile ya kupokea ukweli, kwa sababu ukweli ulikuwa ndoo ya samaki tu. Baba alimwomba dada yake msamaha kwa namna yake, akalipeleka gari lake likabadilishwa matairi. Posa nyingine hazikuja. Shangazi hakuolewa. Alifanya kazi mpaka akawa mkuu wa wodi, na yule bibi kizee aliyeuvuta mkono aliugua tena na Shangazi ndiye aliyemwogesha. Na kila mwaka, mvua zikishapita, alivua pale pale, upande wa barabara. Nilimshauri nilipokuwa mkubwa kwamba kuna dimbwi zuri zaidi nyuma ya mashamba, lina kivuli, hakuna magari. Akaniambia analijua.

Mimi nilikuwa naye kila Alhamisi. Bibi Salma aliendelea kununa. Lakini mwaka uliofuata, asubuhi ya kwanza ya majira, tulipokuwa tunapakia vitu alitoka na buibui lake, tasbihi mkononi, nyuma yake mtumishi kabeba kiti cha plastiki na chupa ya kahawa. Akafungua mlango wa mbele akapanda.

Wadini aliamuru kiti kiwekwe juu ya changarawe, baina yetu na barabara. Akakaa amelipa dimbwi mgongo, uso ameuelekeza njiani, anavuta tasbihi. Kila gari lililopita lilimkuta yeye kwanza. Saa nne hivi likaja pikapu lenye vijana wawili, likapunguza mwendo, mmoja akatoa kichwa nje. Bibi akanyanyua mkono kuwaita, kama anayewaita wajukuu.

"Wanangu, shukeni! Shukeni mtazame kwa karibu, msije mkakosea mkienda kuhadithia. Yule pale ni nesi wa hospitali, yule mdogo mjukuu wangu, na mimi naitwa Salma. Kahawa ipo."

Vijana wale walisema "Samahani, mama," wakaondoka, kioo kikipanda. Bibi akamimina kahawa yake akanywa. Shangazi alikuwa ameusahau mshipi mkononi, anamtazama, na kizibo chake kilikuwa kimezama zamani.

"Zuwena," Bibi akasema bila ya kugeuka, "nasikia maji yanapigwa huko nyuma. Vuta, mwanangu, mimi nipo hapa."